Nchi Isiyo na Kasoro na Lango la Mchichani

Nchi ya Peupe haimo kwenye ramani. Si kwamba haipo. Mchora ramani aliomba kibali cha kuichora, akapewa fomu, na mpaka leo yuko kwenye foleni. Waliofika huko wanasema ni nchi njema, yenye watu wapole, barabara mbili za lami na programu moja ya kompyuta.

Programu hiyo inaitwa Jembe. Jembe ndilo linalogawa maji, linaloita wagonjwa hospitalini na kupanga zamu za walimu. Na uzuri wake ni kwamba Jembe ni programu huria: halikununuliwa wala halikuibiwa, liliandikwa na wananchi wenyewe kwa kujitolea, na kila raia ana haki ya kulifungua na kutazama lilivyoundwa ndani. Kaulimbiu ya taifa imechorwa kwenye kila ukuta usio na nyufa: JEMBE NI LAKO, SHIKA MPINI. Raia akilalamika kwamba bomba halitoi maji, hafokewi kama mnavyofokewa kwenu. Anaambiwa kwa tabasamu kwamba msimbo, yaani maandishi ya ndani ya Jembe, uko wazi, akausome, akaurekebishe. Bibi wa miaka themanini naye huambiwa vivyo hivyo, maana Peupe haina ubaguzi.

Kwa wale wasioweza kushika mpini, serikali kwa huruma yake ilianzisha Idara ya Kupokea Kasoro. Humo, dawati la tatu kutoka dirishani, aliketi Nyamizi Kahozi, mchambuzi daraja la pili. Kazi yake ilikuwa kusoma ripoti za kasoro, kuzipa uzito na kuzifunga. Kurekebisha hakukuwa kazi ya idara, na aliyewahi kuuliza ni kazi ya nani alihamishiwa idara ya mbali. Nyamizi alikuwa na vitufe vitatu. MARUDIO, yaani mwingine amekwisha sema. HAIRUDIKI, yaani tumejaribu sisi hatukuiona. TAARIFA HAITOSHI, yaani twende tukale. Alitakiwa afunge ripoti sabini kwa siku, na kwa miaka saba hakuwahi kushindwa.

Ukutani palikuwa na ubao wenye tarakimu nyekundu, na juu yake maneno KASORO ZILIZO WAZI. Ndiyo tarakimu pekee ambayo Katibu Mkuu wa Wizara alikuwa akiitazama kila asubuhi, na ikishuka alikuwa anakunywa chai na vitafunwa, ikipanda anakunywa chai kavu. Wafanyakazi walimpenda bosi wao, wakahakikisha vitafunwa havikosekani.

* * *

Ripoti namba 4112 iliandikwa na Bi Somoe Lugendo, mlinzi wa kivuko cha reli cha Mchichani, pale barabara ya sokoni inapokatiza reli. Ilisema hivi: "Lango linashuka vizuri treni ikiwa mbali. Treni ikishakaribia kabisa, lango linainuka. Watu wanadhani treni imepita. Haijapita. Mimi ndiye ninayewazuia, kwa kamba na kwa mdomo. Tafadhali."

Idara ilimjibu kwamba ripoti haikufuata muundo, ikamtumia fomu. Bi Somoe hakuwa mtu wa kushindana na fomu. Aliijaza.

Matokeo uliyotarajia: Lango libaki chini.

Matokeo uliyoyapata: Lango lilipanda juu.

Kifaa unachotumia: Kamba.

Hatua za kuirudia kasoro, moja baada ya nyingine: Leteni treni.

Ripoti ilipokelewa, na hapo ndipo ikakutana na Mfagizi. Mfagizi si mtu, ni kijiprogramu kidogo kilichotungwa kuisaidia idara. Kila Ijumaa saa sita mchana kilipita kwenye ripoti zote, na ile isiyoandikwa neno kwa siku saba kikaifunga chenyewe, kwa hoja kwamba mwenye shida ya kweli hanyamazi. Basi kila Alhamisi Bi Somoe alikuwa akipanda ngazi ya tangi la maji, maana Mchichani mtandao unapatikana juu ya tangi tu, na kuandika maneno mawili: "Bado ipo." Aliyaandika Alhamisi mia moja arobaini na nane.

Alhamisi ya mia moja arobaini na tisa alikuwa na malaria. Homa haikumzuia kwenda langoni, alikwenda kajifunika blanketi. Ila ilimzuia kupanda ngazi. Ijumaa Mfagizi akapita. Alipopona aliandika ripoti mpya, ikapewa namba 6870, na Nyamizi, akiwa na nyingine hamsini na sita za kumalizia siku, aliifunga kwa kuwa ni marudio ya 4112. Bi Somoe akaomba 4112 ifunguliwe. Mchambuzi wa dawati la nne akalikataa ombi, kwa kuwa 4112 ilikuwa marudio ya 6870.

Barua ya tatu ilimwangukia Nyamizi Jumatatu asubuhi. "Mmeniambia 4112 imo ndani ya 6870," Bi Somoe aliandika, "na 6870 imo ndani ya 4112. Je, mimi nimo wapi?"

Nyamizi aliisoma mara mbili, jambo ambalo halikuruhusiwa. Uso ulimwaka moto. Alikwenda kuomba ruhusa ya kusafiri, akaikute hiyo kasoro ana kwa ana. Msimamizi wake alishangaa sana. Katika historia ya idara hakuna kasoro iliyowahi kutembelewa ila hiyohiyo ya Mchichani, na afisa aliyetumwa zamani, kwa ripoti ya kabla ya 4112, alikwenda Jumapili, siku isiyo na treni, kwa sababu mwongozo unasema kasoro irudiwe katika mazingira salama kwa afisa. Alisimama kwa saa mbili, lango halikuinuka hata kidogo, akarudi na kuandika HAIRUDIKI na kulipwa posho ya mazingira magumu.

* * *

Nyamizi alikwenda Jumatano, siku ya soko. Alimkuta Bi Somoe mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kupigia mnada, ameketi kwenye kopo la rangi na kamba mapajani. Wanawake wenye matenga ya mchicha walikuwa wakipita, na baiskeli, na watoto wa shule wenye sare za bluu.

Honi ikalia mbali. Lango likashuka kwa heshima zake, watu wakasimama. Treni ikatokeza kwenye kona, kichwa cheusi kikikua. Na hapo, ikiwa imebaki kama sekunde ishirini, lango likainuka, taratibu, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni. Baiskeli ya mbele ikaanza kusogea. Bi Somoe alikwisha simama zamani. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye nguzo upande mmoja na kiunoni mwake upande wa pili, na yeye katikati ya barabara kavuta hadi imekaza.

"Rudi nyuma wewe wa baiskeli! Mkeo kakutuma mchicha, hakukutuma kaburini! Na wewe mama, tenga hilo halina macho, tumia ya kwako!"

Treni ikapita ikitikisa ardhi. Nyamizi alijikuta ameshika nguzo kwa mikono yote miwili. Bi Somoe akalegeza kamba, watu wakavuka, wengine wakimsalimu na wengine wakimnunia kwa kuwachelewesha.

"Umeona?"

"Nimeona, Bi Somoe. Shikamoo, nilisahau hata kukuamkia."

"Marahaba. Basi nenda kaandike."

Nyamizi akavuta pumzi. "Nikuulize. Hapa wamekufa watu wangapi?"

"Hakuna."

"Walioumia?"

"Hakuna. Mbuzi mmoja alikatwa mkia, na hilo ni kosa lake."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe," Nyamizi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Uzito wa kasoro tunaupima kwa madhara yaliyokwisha kutokea, yenye cheti. Bila madhara, kasoro ni Ndogo. Na Ndogo haipangiwi fundi."

Bi Somoe aliikunja kamba yake polepole, mkunjo juu ya mkunjo. "Kwa hiyo wanataka nilegeze kamba."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Hakuna aliyesema, lakini ndivyo mlivyoandika." Akanyoosha kidole. "Haya, mwenye kalamu ni wewe. Nichagulie. Yule mwenye tenga jekundu ni Kuruthumu, ana wajukuu wanne. Yule wa baiskeli ni mpumbavu, lakini mama yake bado yu hai. Wale wa sare, ndio hao unawaona. Nimwachie yupi, uzito wenu utimie?"

Nyamizi aliangalia viatu vyake. Miaka saba alikuwa akibonyeza vitufe, na hakuwahi kuona aibu ya namna hiyo. Alitamani mwanamke huyu amtukane, ingekuwa nafuu.

* * *

Aliporudi mjini alifanya jambo ambalo kaulimbiu ilikuwa ikimhimiza tangu utoto, na ambalo hakumjua hata mtu mmoja aliyelifanya. Alishika mpini. Alifungua msimbo wa malango, akasoma siku tatu, na siku ya nne akakuta kosa. Programu ilitakiwa iinue lango sekunde ishirini baada ya treni kupita. Mtu aliweka alama ya kutoa mahali pa kujumlisha, na kwa hiyo lango liliinuka sekunde ishirini kabla. Alama moja tu. Nyamizi aliifuta, akaweka ile inayostahili, akaituma kwa Walezi wa Jembe, wale wananchi wa kujitolea ambao bila idhini yao hata nukta haiingii.

Walezi walimpokea kwa furaha kubwa. Ndani ya wiki moja alipata maoni arobaini na moja. Wa kwanza alimpongeza na kumwambia barua yake haikuanza kwa salamu rasmi. Wa pili alipendekeza sekunde ishirini zisiwe ishirini, bali kila raia ajichagulie zake. Wa tatu alisema malango yenyewe ni fikra za kizamani. Wa nne alishauri Jembe lote liandikwe upya kuanzia mwanzo, na maoni yaliyobaki thelathini na saba yalikuwa ugomvi juu ya huyo wa nne. Juu ya treni hakuna aliyesema neno. Mwishowe Nyamizi akaambiwa kwamba hata hivyo sehemu ya malango ina mlezi wake maalumu, bwana mmoja aitwaye Chuwa, na ufunguo wa kuidhinisha anao yeye peke yake.

Chuwa alikuwa hajaonekana kwa miaka minne. Nyamizi alimtafuta mpaka akampata kwa simu, anafuga kware nchi jirani.

"Lango?" Chuwa aliuliza, na kware wakisikika nyuma yake. "Lango lipi, dada?"

"La reli. Lina jina lako juu."

"Dada yangu, ile niliiandika wikiendi mbili, nikiwa sina kazi. Ilikuwa ya treni ya kuchezea ya mpwa wangu. Ile treni ni ndefu kama kiatu, kabla na baada ni mamoja. Nikaiweka hadharani labda itamfaa mtoto mwingine." Sauti yake ikabadilika. "Usiniambie wameifunga kwenye treni ya kweli."

"Wameifunga."

"Mungu wangu. Na hakuna aliyeniuliza hata habari za asubuhi." Ufunguo, alisema, ulikuwa kwenye kompyuta iliyoibwa mwaka ule alioondoka. Alilia kwenye simu, mtu mzima, na Nyamizi ndiye aliyeanza kumbembeleza.

* * *

Wakati huo nchi ilikuwa ikijiandaa kwa Sikukuu ya Sifuri. Mkuu wa Nchi alikuwa ameahidi kwamba Peupe itakuwa taifa la kwanza duniani lisilo na kasoro hata moja, na ubao mkubwa kuliko wa idarani ulikwisha simikwa uwanja wa taifa. Wachambuzi walifunga ripoti usiku na mchana. Zikabaki elfu moja, zikabaki tisini, ikabaki moja. Ilikuwa 4112. Nyamizi alikuwa ameifungua upya na kukataa kuiachia, na kila Ijumaa kabla ya saa sita aliandika mwenyewe: "Bado ipo."

Akaitwa kwa Katibu Mkuu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Gaudensi Malekela, ambaye siku hiyo alikuwa na chai kavu.

"Binti yangu," alianza kwa upole, "wewe ni msomi. Niambie, kasoro ni nini?"

"Ni kitu kisichofanya kazi, Mheshimiwa."

"Hapana. Hiyo ni lugha ya sokoni. Kasoro ni tofauti iliyopo baina ya kitabu na kitu. Kitabu kinasema lango libaki chini, kitu kinapanda juu. Sasa, mpumbavu atakimbilia kurekebisha kitu. Atahitaji ufunguo, walezi, mafundi, na kware. Taifa lenye hekima hurekebisha kitabu."

Akamgeuzia karatasi. Ilikuwa ukurasa mpya wa Maelezo Rasmi ya Jembe, nao ulisema: "Treni ikikaribia, lango huinuka sekunde ishirini kabla, kwa makusudi, ili kumpa ishara Somoe. Somoe huzuia watu kwa kamba." Chini yake palikuwa na mchoro wa Bi Somoe, na mishale ikionyesha kamba na mdomo.

"Kwa hiyo si kasoro tena," Katibu Mkuu akasema. "Ni tabia."

"Na siku Bi Somoe akiugua?"

"Hiyo itakuwa kasoro ya Bi Somoe."

"Mheshimiwa, yule ni mtu. Atazeeka. Anahitaji hata likizo."

"Sehemu ya mfumo haina likizo, binti yangu. Soma ukurasa wa pili." Akaagiza vitafunwa. Mbele ya macho ya Nyamizi, kwa kidole chake cheupe kwa unga wa mahamri, akabonyeza kitufe, na 4112 ikafungwa. Nyamizi aliandika barua ya kuacha kazi kabla chai haijapoa. Nayo ilirudishwa, haikufuata muundo.

* * *

Hadithi ingeishia hapo, kama taifa lenye hekima lingejua kuacha. Lakini usiku wa kuamkia sikukuu mkaguzi mmoja mwenye bidii aligundua jambo la kutisha. Malango mengine mia mbili na kumi na tatu ya nchi nzima yalikuwa bado yanatumia toleo la zamani, kwa sababu fundi wa kusasisha alianzia Mchichani, gurudumu la baiskeli yake likapasuka, akaishia hapohapo. Malango hayo yote yalikuwa yakibaki chini mpaka treni ipite. Yalikuwa yanakwenda kinyume cha kitabu. Zilikuwa kasoro mia mbili na kumi na tatu, na kesho ndiyo Sifuri.

Basi yakarekebishwa yote alfajiri, kwa mbali, kwa dakika kumi na moja. Hakuna aliyeomba maoni wala ufunguo. Ilitolewa ahadi kwamba kila lango litaletewa Somoe wake bajeti ikiruhusu.

Nyamizi alikuwa akiishi Ghalani, ng'ambo ya reli. Saa tatu asubuhi alikuwa dukani akinunua sukari aliposikia tangazo la pongezi redioni, mafundi wakishukuriwa kwa kuyaoanisha malango na kitabu. Akaiacha sukari kaunta, akakimbia.

Alifika kivukoni lango likiwa limeshuka, magari yamepanga mstari, honi ikilia kwa mbali. Akavua leso yake, akaingia barabarani. Lango likainuka. Dereva wa pikapu ya bia akakanyaga mafuta, kisha akakanyaga breki, bampa likamgusa Nyamizi mapajani.

"We mama, umelewa? Lango si limefunguliwa?"

"Rudi nyuma!"

"Nirudi nyuma kwa amri ya nani?"

Treni ndiyo iliyomjibu. Dereva aliitazama ikipita, mabehewa kumi na manne, uso ukimsawijika. Watu wa nyuma hawakuona kitu ila mwanamke mwenye leso anayezuia magari siku ya sikukuu, wakapiga honi. Mmoja wao akatoa simu, akaandika ripoti: "Ghalani kuna mwanamke amesimama mbele ya lango lililo wazi."

Ripoti za malango zilikuwa zikijifunga zenyewe siku hiyo, kwa kuwa ni tabia. Lakini ya mwanamke ilikuwa kasoro mpya kabisa. Uwanja wa taifa, mbele ya Mkuu wa Nchi, mabalozi na bendi ya polisi, ubao ukatoka 0 ukasoma 1.

Haijawahi kutokea Peupe ripoti ikashughulikiwa upesi namna ile. Afisa wa dharura alifika Ghalani kwa pikipiki baada ya dakika tisa, kofia mpya, kompyuta ya mkononi kifuani, na moyoni mwake nia njema.

"Mama, kasoro ni wewe. Ukitoka tunaifunga, sote tunakwenda kula pilau."

"Kaka yangu, treni ya pili inakuja. Hebu sogea huku kwanza."

"Naifahamu kazi yangu." Lango lilikuwa limeshuka na kuinuka tena wakati wakibishana, na yeye alikuwa amejipenyeza mpaka katikati ya reli ili apige picha ya ushahidi, akiwa ameipa mgongo kona treni inakotokea. "Na lango liko wazi. Kungekuwa na hatari lingefunguka kweli?"

Nyamizi alimrukia. Alimshika mkanda, akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, wakaanguka pamoja juu ya kokoto, na treni ikapita ikiibeba ile kofia mpya. Kwa muda hakuna aliyepiga honi. Nyamizi alikuwa akilia kwa hasira, goti limechanika, damu inamshuka mpaka kwenye kiatu.

Afisa alinyanyuka, akajipangusa. Aliitafuta kompyuta yake akaipata kwenye majani, nzima. Aliipitia fomu mstari kwa mstari mpaka palipoandikwa Madhara. Akajiangalia kichwani mpaka miguuni. Akaliangalia goti la Nyamizi, akaliangalia tena. Kisha akaandika: Hakuna.

Dakika moja baadaye shangwe zilisikika kutoka uwanjani, ubao umerudi 0. Nyamizi aliifunga leso kwenye goti, akamgeukia dereva wa pikapu, akamwuliza kama garini ana kamba.